Ndege Isiyobeba Mzigo

Mimi ni fundi wa fremu za picha hapa Morogoro mjini, na kama kuna kazi ambayo simu imeiua bila hata kuomba radhi, ni hii yangu. Zamani mtu akioa, akihitimu au akifiwa na baba yake, alikuja kwangu na picha mkononi. Siku hizi picha zote anazo mfukoni, na akigombana na mtu anamfuta. Wanaonijia sasa ni wenye vyeti, na vyeti havitoki kila siku. Kwa hiyo muda ninao, vioo ninavyo, nyembe na gundi ninazo, na nina mikono ambayo ikikaa bure inaanza kutafuta ugomvi.

Mteja mmoja aliyekuwa akisubiri cheti chake alinionyesha kwenye simu video ya wazee wa nchi za mbali. Wamesimama ndani ya ukumbi, vichwa juu, wanatazama ndege ndogo zikizunguka karibu na dari. Hazikuwa na injini wala betri. Kila moja ilikuwa na uzi wa mpira uliosokotwa, na mpira ule ukijifungua taratibu unazungusha pangaboi la mbele. Zilikwenda polepole mno, kama zinawaza. Mteja alicheka, akasema wenzetu wana nafasi. Mimi sikucheka. Nilimwomba anirushie ile video, na fremu yake siku hiyo niliikata kombo ikabidi nirudie.

Ndege ya kurushwa ndani ya nyumba ina sheria moja kubwa: uzito ni adui. Mbao nyepesi wanazotumia wenzetu mimi hapa sijaziona, kwa hiyo nilijaribu vya kwetu. Kingo za mabawa nilizichonga kwa wembe kutoka kwenye mwanzi, juu ya kioo, mpaka njiti ikipulizwa inahama. Mwili ulikuwa tete jembamba. Mbavu za bawa nilizikata kwenye moyo mweupe wa bua la mtama, ule ambao watoto hutengenezea miwani. Kufunikia nilitumia nailoni laini ambayo dobi anavalisha suti, na pangaboi lilitoka kwenye kopo la mtindi. Gundi niliizimua kwa maji, nikaiweka kwa ncha ya sindano. Mpira niliuchana kutoka kwenye rababendi pana za dukani, nikaupaka mafuta ya nyonyo usikatike haraka. Ikikamilika, ukiishika umefumba macho hujui kama umeshika kitu.

Mke wangu aliitazama ile ya kwanza, akauliza, "Baba watoto, hii ndiyo iliyokufanya usile mchana?"

Nikasema ndiyo.

"Afadhali ungekuwa unashinda kwenye bao. Majirani wangeelewa."

Wakati huo mama mkwe wangu alikuwa anaishi kwetu. Yeye ni wa Mgeta, juu kabisa, kule ambako gari likishakushusha bado una mlima wa kupanda kwa miguu. Alianguka kwenye njia ya shambani akiwa na tenga la njegere kichwani, akavunjika nyonga. Alifanyiwa upasuaji mjini, na mke wangu akasema harudi juu mpaka apone. Akapona. Akasema harudi mpaka atembee. Akatembea, kwa fimbo lakini akatembea. Ndipo nilipoanza kuona kwamba mke wangu hakuwa na nia ya kumrudisha kabisa.

Simlaumu. Mama ni mmoja. Daktari alikuwa amesema wazi kwamba akianguka tena kwenye mteremko, hakuna wa kuahidi kuwa atainuka. Alisema pia kwamba anaweza kurudi kwake siku atakapoweza kutembea mahali tambarare kwa muda wa kutosha bila kupumzika na bila kushika ukuta. "Muda wa kutosha" ndiyo maneno aliyoyabeba mke wangu kutoka hospitali, akayaficha kama mtu anayeficha funguo za nyumba.

Mama naye alikuwa na hoja, na ilikuwa moja. Ng'ambo ya bonde, mkabala na nyumba yake, anaishi mdogo wake wa kike, mzee karibu sawa na yeye. Tangu ujana wao, kila asubuhi mmoja hutoka nje na kuita, na mwenzake huitika kutoka upande wa pili. Wanaulizana wameamkaje, na bonde zima linajua wameamkaje. Simu wanazo, lakini mtandao kule ni wa kubahatisha, na yule mdogo mtu hasikii vizuri kwenye simu kama anavyosikia bondeni. Watu walioteremka na malori ya mboga walituambia kwamba bado anatoka kila asubuhi. Anaita, anasubiri, anarudi ndani.

Mama aliposikia hivyo aliacha mazungumzo. Alikula alichopewa, alisali akiwa ameketi kitini, aliitikia salamu, basi. Nilikuwa nasikia ukimya wake nyuma ya pazia la mlango wa chumba chake hata nikiwa nimewasha redio.

Ningemfariji vipi? Mimi ni mkwe. Na tena mimi ni Mnyamwezi wa Tabora, na Waluguru ni watani zangu. Mluguru yeyote wa hapa mjini ananiita mpagazi, kwa sababu babu zetu walibeba mizigo ya misafara, ananiuliza mzigo wa watu nimeutupa wapi, nami namwambia akishuka mlimani ashikilie majani asije akabingirika. Nimekwenda kwenye misiba yao nikalala mlangoni kuzuia jeneza lisitoke, watu wakacheka machozi yakiwa bado mashavuni. Katika dunia nzima kulikuwa na Mluguru mmoja tu ambaye sikuruhusiwa kumtania, naye ndiye aliyelala nyuma ya pazia la sebuleni kwangu. Kwa mama mkwe ni heshima tupu. Siingii chumbani kwake. Siketi kwenye mkeka alioketia. Ninamwamkia nikiwa nje ya pazia, macho chini, "Shikamoo mama," naye anajitanda kanga, anageukia ukutani na kuitikia, "Marahaba baba." Miaka yote ya ndoa yangu sidhani kama niliwahi kumtazama usoni kwa muda wa kumeza mate.

Siku moja mke wangu akiwa kazini, yeye ni mwalimu wa chekechea, niliirusha ndege sebuleni. Nyumba yetu haina dari. Kuta za ndani zinaishia chini ya kenchi. Ndege ilizunguka meza, ikapanda, ikaikuta ile hewa ya moto inayokaa chini ya mabati, na kabla sijajua la kufanya ikavuka ukuta na kuingia chumbani kwa mama mkwe.

Nilisimama mbele ya pazia kama mtoto aliyetupia mpira wake kwenye uwanja wa jirani mkali. Kuingia haiwezekani. Kunyamaza nako haiwezekani, kwa sababu ile ndege ilikuwa ndiyo ya kwanza kuruka sawasawa.

"Mama," nikasema, "samahani. Kuna kitu changu kimeingia humo."

Kitanda chake kikalia. Kisha akasema, "Kimetua juu ya chandarua."

"Naomba usikibane, mama. Ni chepesi sana."

"Kinapumua."

"Ni mpira, mama. Unamalizia kujifungua."

Nikajua nimemkosea. Halafu sauti yake ikatoka, kavu kabisa. "Kila siku nasikia kwangukwangu, kwangukwangu. Nikajua mwanangu kaolewa na panya."

Nilikosa pa kuweka mikono. Mama mkwe ananitania mimi! Mkono ukatokea chini ya pazia ukisukuma ungo, na katikati ya ungo ndege yangu imekaa, bawa moja limevunjika.

"Inabeba nini?" akauliza.

"Haibebi kitu, mama."

"Asiyebeba kitu anakwenda wapi?"

Nikamshukuru, nikaweka ungo mezani, nikaenda dukani kwangu nikitabasamu peke yangu barabarani.

Jioni nilirudi nikakuta ndege imetengenezwa. Mama alikuwa ametoka chumbani nilipokuwa sipo, akakaa mezani pangu, akaunga lile bawa kwa uzi mweusi, duru juu ya duru, kwa fundo lile wanalofungia matenga ya mboga. Kisha, kwa kuwa hapendi kazi ya nusunusu, akafunga na bawa la pili ambalo halikuwa na tatizo lolote. Kule kwao kila kitu kinafungwa ili kishuke mlima kikiwa kimejaa na kifike. Fundo lilikuwa zuri mno. Niliirusha ndege, ikaenda chini kama kandambili aliyorushiwa paka.

Nilikasirika, sitaficha. Majuma ya kazi yaliishia kwenye uzi wa matenga. Na hasira juu ya mama mkwe ni mbaya kuliko zote kwa sababu haina pa kwenda. Nilimfuata mke wangu jikoni nikamweleza, nikitegemea aende akaseme kwa niaba yangu kama ilivyo desturi. Alicheka mpaka akashika meza.

"Ameshika kitu kwa mikono yake leo," alisema alipopata pumzi. "Tangu lini hajashika kitu? Nenda kamwambie mwenyewe. Si wewe mpagazi? Beba."

Nikaenda kwenye pazia. "Mama, asante kwa kazi yako. Fundo hili hata mimi siliwezi. Ila kitu hiki, kila uzi unaoongezeka ni mtu amepanda mgongoni kwake."

"Kwa hiyo kukisaidia ni kukipunguzia."

"Ndiyo, mama."

"Mambo ya mjini haya," akasema. Kisha akasema, "Basi nipe wembe."

Ndivyo tulivyofanya kazi, yeye upande wake wa pazia, mimi upande wangu. Nilimsukumia mianzi iliyopasuliwa kwa chini, naye alinirudishia njiti. Nyingine zilikuwa nene kama mishikaki, nyingine zilivunjika mkononi mwake nikasikia anazilaani kwa Kiluguru. Zangu pia zilivunjika, nami nikazilaani kwa Kinyamwezi, na hapo hakuna aliyemvunjia mwenzake heshima. Mazungumzo yakarudi kidogokidogo. Alinieleza jinsi njegere zinavyotaka kuchumwa umande ukiwa bado upo. Alinieleza juu ya mdogo wake, kwamba ni mvivu wa kuamka na hodari wa kudai kuwa yeye ndiye aliyeita kwanza. Aliponieleza hayo aliacha kukwangua kwa muda, nami nikaacha.

Akaanza pia kutembea zaidi. Alikwenda mpaka geti. Mke wangu akasema vizuri, sasa mpaka duka la kona. Akaenda mpaka duka la kona. Mke wangu akasema vizuri, lakini ulipumzika pale kwenye mwarobaini. Akaenda na kurudi bila kupumzika. Mke wangu akasema leo hakukuwa na jua. Nilikuwa nimekaa mezani, nikainamisha kichwa juu ya gundi yangu, kwa sababu mwenye akili hasemi kitu mama na mwana wakibishana.

Nyuma ya pazia mama alisema kwa utulivu, "Mwanangu, kila nikifika unahamisha mahali pa kufika. Nataka kipimo ambacho wewe huwezi kukirefusha."

"Kipimo gani, mama?"

"Hako kandege ka mkwe. Kakiruka, natembea. Kakitua mimi nikiwa bado natembea, mnanirudisha kwangu. Nikisimama kenyewe kakiwa bado juu, nanyamaza, sitakuuliza tena habari ya Mgeta mpaka nife."

Mke wangu alinitazama. Alikuwa anajua ndege ile ya karibuni, iliyotokana na njiti za pande zote mbili za pazia, ilikuwa inazunguka sebuleni mpaka chai inapoa. Mama hakupata kuiona ikiruka tangu mwanzo mpaka mwisho. Alinisikia tu nikihesabu kwa sauti. Mke wangu akakubali upesi, na upesi ule ulinipa huzuni.

Kesho yake jioni, tulipobaki wawili, aliniambia, "Ikaze mpaka mwisho."

"Nitaikaza mpaka mwisho."

"Usimwonee huruma. Huruma yako itamuua kule juu, na mimi ndiye nitakayeitwa nikamzike." Macho yake yalikuwa yamejaa. "Kule mtu akizidiwa anabebwa kwa machela mpaka barabarani. Wakati mwingine anafika. Mimi baba yangu hakufika."

Nilijua habari za baba yake, lakini hakuwahi kunieleza kwa maneno machache namna ile. Nilimwambia mimi ni fundi, sijui kukaza nusu, na ilikuwa kweli. Ilikuwa kweli pia kwamba nilitaka mama aitike bondeni. Unaweza kutaka mambo mawili yanayogombana na bado ukala chakula chako cha jioni, mimi nilikula.

Sebule haikutosha kwa mtu kutembea na ndege kuzunguka pamoja. Nilimwomba mtani wangu mmoja, Mluguru anayetunza ukumbi wa harusi mtaani kwetu, atufungulie asubuhi mapema, kabla bati halijapata moto. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, na milima ilikuwa imejifunika mawingu mpaka chini. Tulimkuta mlangoni amevaa sweta na kofia ya sufu.

"Mpagazi," alisema, "leo umekuja na mzigo gani?"

Nilimfunulia boksi. Aliitazama ndege, akanitazama mimi. "Kweli Wanyamwezi mmechoka," akasema, akatupisha.

Ukumbi bado ulikuwa na mapambo ya harusi ya juzi, vitambaa vyeupe na vya zambarau vikining'inia darini. Tulisogeza viti vikakaa kando ya kuta. Nilimwomba mtani azime feni na afunge milango na madirisha, nikawaeleza kwamba ndege nyepesi kiasi kile inasukumwa hata na mtu anayepunga karatasi, kwa hiyo kila mmoja akae mahali pake asitikise kitu. Mama alisimama katikati ya ukumbi, kanga moja kiunoni, moja kichwani, fimbo mkononi.

"Na ikinasa kwenye mapambo je?" mtani akauliza.

"Bado iko juu," alisema mke wangu.

"Iliyonasa haiendi," alisema mama. "Mimi nikinasa kwenye kiti mtasema naenda?"

Mtani akaamua kwamba mama ana haki, na kwa kuwa ukumbi ulikuwa wake, hukumu ilikuwa yake. Fimbo inaruhusiwa, akasema, kiti hapana, ukuta hapana. Mke wangu alisimama upande wa jukwaa, mimi upande wa mlango.

Niliukaza mpira. Unaposokota unaona mafundo madogo yanajipanga, kisha yanakuja mafundo juu ya mafundo, na mkono unaanza kusikia kwamba mzunguko mmoja zaidi unaweza kuwa wa kukata. Nilifika hapo. Sikuacha hata mmoja. Nikasema "Bismillahi," nikaiachia hewani, na fimbo ya mama ikagonga sakafu.

Sijawahi kuiona ikiruka vile. Hewa ilikuwa baridi na imetulia, ndege ikapanda kwa duara pana, taratibu, bawa likimeremeta kila ilipopita mbele ya madirisha ya kioo. Ilikwenda mwendo uleule wa mama. Hilo sikulitarajia. Ndege juu, yeye chini, wote wawili wanazunguka ukumbi kwa upande mmoja, kama watu waliotoka pamoja wakakubaliana wasichoshane. Mimi ni mkwe, sikumtazama yeye, niliitazama ndege. Lakini masikio hayana desturi. Nilimsikia. Fimbo, mguu, mguu. Fimbo, mguu, mguu.

Walizunguka, wakazunguka tena. Ndege ilifika chini ya mapambo, ikapita kando ya kitambaa cha zambarau kwa upana wa kiganja, mtani akavuta pumzi kwa meno. Haikunasa. Ilibaki palepale juu, haipandi, haishuki, na pangaboi lilikuwa limepunguza kasi mpaka unaweza kuona panga zake. Kwa fundi ni wakati mtamu kuliko wote, maana mpira unatumika kidogokidogo na ndege inajiendea. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi ile, niliichukia. Nilikuwa nimeifanya nzuri mno. Nilisema kimoyomoyo, shuka, shuka basi, na haikushuka.

Fimbo ikabadilika. Fimbo, mguu. Fimbo, kitambo, mguu. Nilisikia pumzi yake kutoka upande wa pili wa ukumbi. Alipopita karibu nami sikuweza tena, nikamtazama. Jasho lilikuwa linamtoka chini ya kanga. Alikuwa anatazama mbele yake tu, taya limekaza, uso ule ambao sikuwahi kuutazama, na ulikuwa uso wa mke wangu akiwa na miaka mingi zaidi. Nilimwonea huruma. Akanipita. Akaingia kona ya jukwaa, alipokuwa amesimama binti yake, na hapo karibu kulikuwa na viti. Mkono wake usio na fimbo ukaanza kunyanyuka.

Nikarudisha macho kwenye ndege, kwa kuwa sikutaka kuona mkono ule ukishika kiti. Ndege ilikuwa inapita juu ya kona ileile. Ghafla ikatikisika, ikainua bawa moja, ikageuka pembeni kama iliyosukumwa na kiganja, ikajigonga ukutani na kuteleza chini, taratibu, mpaka sakafuni. Nilipoangalia chini, mke wangu alikuwa anajirudishia kanga yake mabegani. Mkono wa mama ulikuwa bado hewani, haujashika kitu. Naye alikuwa bado anakwenda, alipiga hatua moja zaidi, ya pili, ndipo mtani alipopaza sauti, "Imetua! Mama bado anatembea!" na mama akaketi kwenye kiti cha kwanza alichokikuta.

Mtani alikwenda kuiokota ndege kwa mikono miwili. Mke wangu alimchukulia mama maji, akapiga magoti mbele yake, akamfuta jasho shingoni, na sikusikia walichoambiana, kama waliambiana.

Mchana wa siku ile nilimkuta mke wangu sebuleni anapanga nguo za mama kwenye begi. Gari la Mgeta lilikuwa limeshapigiwa simu. Alikuwa anakunja na kukunjua gauni lilelile, machozi yanadondoka juu yake naye hayafuti. Nikaketi kando yake. Nilimpenda siku ile kuliko siku ya harusi, na sikujua namna ya kulisema hilo, kwa hiyo nikasema jambo jingine, kwa sauti ndogo.

"Ile kanga," nikasema. "Nilikuona."

Hakuinua kichwa. "Nilisikia joto, nikajipepea."

"Asubuhi ile?"

"Nilisikia joto, baba watoto. Mtu hawezi kusikia joto?"

Aliweka lile gauni kwenye begi, akachukua jingine. Kisha sauti ya mama ikatoka nyuma ya pazia, bado imechoka.

"Hata mimi nililisikia, mwanangu," alisema. "Lilikuwa joto kali sana."